Kikundi cha Familia: Nyumbani Khayega

Baba Imani: Mulembe wote. Mama, na Senge shangazi yetu, habari za jioni? Nina jambo ambalo mimi na Mama Imani tumelizungumza tangu Pasaka, na sasa tumekata shauri. Tunahama Nairobi. Tunarudi Khayega na watoto shule zikifungwa mwisho wa mwaka. Sikutaka mlisikie kwa watu wengine.

Dada wa Kisumu: Mnarudi kabisa, ama ni likizo ndefu?

Baba Imani: Kabisa.

Kaka Mkubwa: Kazi je? Umeiacha au imekuacha?

Baba Imani: Bado ninayo. Nitatoa notisi mwezi wa tisa. Kaka, mimi natoka Kayole saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa tatu usiku. Huyu mdogo naonana naye Jumapili tu. Juzi kanisani aliulizwa baba yake anafanya kazi gani, akasema hajui.

Mdogo wetu, Doha: Hilo limeniuma.

Mama Imani: Acha niongeze, kwa sababu najua wengine watafikiri tumeshindwa na maisha. Kodi tunalipa, karo tunalipa, hatuna deni la mtu. Lakini kila kitu ni cha kununua. Maji ni mtungi, mboga ni fungu, hata mahali pa mtoto kucheza ni kulipia. Mshahara ukiingia, kufikia tarehe kumi umeshagawanywa kwa watu tusiowajua. Mimi cherehani yangu naweza kuiweka popote. Khayega kuna shule kila upande na sare zinashonwa kila Januari. Na nataka watoto wangu wakae na Kukhu, nyanya yao, wakati bado ana nguvu za kuwaonyesha kazi za mikono yake. Sitaki wamjue kwa kusimuliwa.

Senge: Mama Imani, ubarikiwe kwa hilo la mwisho. Mmenifurahisha sana. Sasa nisikilizeni, maana mimi sijawahi kutoka hapa.

Senge: Mkija mwisho wa mwaka mtakuta kila kitu: ndizi, mahindi makavu, kuku wa Krismasi. Desemba boma zote zimejaa watu, hakuna anayelala njaa. Januari magari yanarudi Nairobi, nanyi mnabaki. Mahindi mtapanda Machi, mvua ikishika. Ile mbegu ya 614 tunayopanda huku inakaa shambani karibu miezi sita, kwa hiyo kuvuna ni Agosti au Septemba. Maharagwe mtakayochanganya nayo yatawahi, Juni mnang'oa. Mboga ndizo za haraka: kunde, mrenda, managu, saga, miro, ni wiki chache tu mnachuma. Lakini unga wa Mei, Juni na Julai mtaununua, tena wakati gunia limepanda kwa sababu kijiji kizima kinanunua. Hapo ndipo nimeona watu wengi waliorudi wakishindwa. Walikuja na akiba, wakaimaliza kwenye matofali na mabati ya rangi. Mei ikawakuta na nyumba nzuri na sufuria tupu. Baba akapanda gari akarudi mjini peke yake, mke akabaki na watoto. Pesa ya kwanza ni ya chakula mpaka Septemba. Nyumba itangoja.

Mama Imani: Asante Senge. Tulitaka kuanza na nyumba. Leo usiku tunahesabu upya.

Senge: Na msije mkidhani huku watu wamepumzika. Saa kumi na mbili ng'ombe ameshakatiwa majani ya napia. Tofauti ni kwamba saa mbili asubuhi mnakunywa chai pamoja.

Senge: Jambo lingine. Udongo wetu umechoka na una asidi. Kila mwaka watu wanatia mbolea ileile ya kupandia wakishangaa mahindi kuwa ya manjano. Mwiteni afisa wa kilimo wa wadi, udongo upimwe. Ukihitaji chokaa ya shambani, itieni mapema kabla ya kupanda. Kuku nao wachanjeni kideri kila baada ya miezi 3. Ugonjwa huo ukiingia bomani unamaliza wote kwa wiki moja.

Kaka Mkubwa: Nimesoma yote. Mimi neno langu ni la shamba lenyewe. Hati bado iko kwa jina la Baba. Sitaki ndugu yangu alime miaka mitano halafu tuanze kuulizana mpaka uko wapi.

Dada wa Kisumu: Kaka umesema kweli. Hapa kwa wakili ninapofanya kazi tunayaona haya kila wiki. Ndugu waliopendana wanakutana kortini kwa sababu ya mti mmoja. Tufanye mirathi sasa, tukiwa tunasikizana. Tunaanza na barua ya chifu yenye majina ya Mama na watoto wote, pamoja na cheti cha kifo cha Baba. Tunapeleka kortini Kakamega. Tangazo linatoka kwenye Gazeti la Serikali, na mwenye pingamizi ana siku 30. Tukishapewa ruhusa ya kusimamia mali, kwa kawaida inapita miezi 6 ndipo korti iithibitishe na kila mtu ajue sehemu yake. Kwa hiyo hati hazitakuwa tayari mkihamia. Kulima mnaweza, kwa ruhusa ya Mama. Nyumba ya kudumu ingojee mpimaji aweke mawe ya mipaka.

Baba Imani: Kumbe maneno ya Senge na ya sheria yanakubaliana.

Dada wa Kisumu: Na kila mtu aelewe hili: kisheria Mama ana haki ya kulitumia shamba lote maisha yake yote. Anayerudi anakuja kwa Mama.

Kaka Mkubwa: Hapo sina neno. Lakini unasema watoto wote. Kwetu dada akishaolewa haandikwi kwenye shamba.

Dada wa Kisumu: Kaka, nakuheshimu, wewe ndiye ulinilipia karo Baba alipougua. Sheria ya Urithi haitofautishi mvulana na msichana, wala aliyeolewa na asiyeolewa. Sina haja ya kulima Khayega. Nataka jina langu liandikwe kwa sababu mimi ni mtoto wa Baba. Nikitaka kumwachia ndugu yangu sehemu yangu, nitasema hivyo mwenyewe mbele ya hakimu.

Mdogo wetu, Doha: Mimi pia.

Kaka Mkubwa: Mama aseme.

Kukhu: (Sauti yake, nimeiandika mimi mjukuu.) Nimesomewa yote. Baba yenu alikuwa na watoto wanne, hakuwa na wavulana wawili. Andikeni wanne. Sitaki kurudia. Baba Imani, njoo na watoto. Lile shamba la chini karibu na chemchemi sijalilima misimu miwili kwa sababu ya magoti, anza hapo. Isimba yako, ile nyumba yako ya ujana, inavuja upande wa jikoni lakini kuta ni nzima. Badilisha mabati tu, mtalala. Ng'ombe yuko karibu kuzaa, maziwa ya watoto yapo.

Kaka Mkubwa: Nimesikia, Mama. Wanne. Dada, nimekubali kwa moyo wangu wote.

Dada wa Kisumu: Asante sana Kaka.

Mama Imani: Mama, nimelia huku. Asante.

Mdogo wetu, Doha: Imani yuko gredi ya 8, si ndiyo? Shule itakuwaje?

Mama Imani: Ndiyo maana tunangoja muhula wa tatu uishe. Tathmini za shuleni za gredi ya 7 na ya 8 zinachangia asilimia 20 ya matokeo yake ya gredi ya 9. Nataka shule ya huku iwe imeshazituma zote kabla hajaondoka, kisha aanze gredi ya 9 huko Januari. Mwanzoni alilia kwa ajili ya marafiki zake. Hatujamlazimisha kufurahi, tunampa muda.

Kaka Mkubwa: Na bima ya afya. Ukiacha kazi, ile asilimia 2.75 ya SHA haikatwi tena kwenye mshahara. Utapimwa upya uwezo wako na kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Itenge kabla ya notisi, usije ukapeleka mtoto hospitali ukaambiwa haupo. Nami mabati ya isimba nitayanunua. Mkiingiza stima, hakikisheni waya wa ardhini umewekwa sawasawa. Radi za Kakamega mnazijua.

Baba Imani: Mungu akubariki Kaka. Basi nitasafiri Ijumaa usiku. Jumatatu asubuhi tukutane kwa chifu. Utaweza kutoka Nakuru Jumapili?

Kaka Mkubwa: Nitafika. Cheti cha kifo cha Baba kiko kwa nani?

Senge: Kiko kwa mama yenu, kwenye sanduku la bati. Kesho nitakitolea nakala pale sokoni.

Dada wa Kisumu: Toa nne, Senge. Na kila mtu anitumie picha ya kitambulisho, mbele na nyuma. Hata wewe wa Doha, leo usiku.

Mdogo wetu, Doha: Natuma sasa hivi.