Kufunga seva ya imeli ikubali IP tunazojua tu, Goma

himbi_2: Bandugu salama? Niko na seva ya imeli ya kazini, Postfix (inatuma na kupokea barua) na Dovecot (watu wanasomea barua), yenyewe iko Ulaya siye tuko hapa Goma. Kwenye logi naona watu banajaribu maneno ya siri usiku kucha, leo IP hii (namba ya adresi kwenye intaneti) kesho ingine, basi shefu anasema nifunge yote ikubali IP ya ofisi tu. Sasa ofisi yenyewe umeme ukikatika, ruta ikiwaka tena tunapewa IP ingine. Kuna mutu ananiambia niingize range nzima (IP zote) ya kampuni yetu ya intaneti ndani ya mynetworks, ile orodha ya IP Postfix inaziamini. Iko sawa?

ndosho_reseau: Hapana ndugu, acha kabisa! Walio ndani ya mynetworks wanatuma barua kokote bila kuulizwa neno la siri, kwa hiyo wateja wote wa kampuni hiyo watakuwa na ruhusa kwako, kompyuta moja yenye virusi kule Katindo inatosha Spamhaus, wale wanaoorodhesha seva za spam, ikufungie. Na poti 25 (poti ni kama mulango wa seva) usiibane kwa IP, ndipo Gmail na dunia nzima wanaletea barua zenu. Za kubana ni 587, 465 na 993, zile watu wenu wanaingilia kutuma na kusoma barua.

birere_net: Musibane kwa inchi pia, kusema Kongo tu ndiyo iingie. Huku mpakani wengine wako na SIM ya Rwanda kabisa, inashika rezo ya Gisenyi ng'ambo, seva inaona Rwanda inakataa kumbe ni kontabule (muhasibu) wenu.

himbi_2: 😂 kontabule wetu ni hivyo hivyo. Sasa nifanye je?

ndosho_reseau: WireGuard, ni VPN, njia ya siri ya kufika kwenye seva. Unaiweka kwenye seva ile ile, kila mutu na funguo yake, wote wanapata adresi za ndani za 10.8.0.0/24 (zinazoanza na 10.8.0), fayawoli (ukuta wa seva unaochagua nani aingie) inakubali hizo tu kwa zile poti tatu, na UDP 51820, poti ya WireGuard yenyewe, inabaki wazi. IP ya ofisi ibadilike inavyotaka. Mutu akiacha kazi unafuta funguo yake. Ila hiyo 10.8 nayo usiiweke mynetworks, waendelee kuandika neno la siri, simu zinaibiwa sana huku.

birere_net: Kwenye simu jina la seva lielekee 10.8.0.1 (adresi ya seva ndani ya WireGuard), na liwe kwenye cheti cha TLS, kile kinachoonyesha seva ni ya kweli. Likielekea IP ya inje, barua hazipiti WireGuard na fayawoli itawakataa, utatafuta kosa mpaka asubuhi. Webmail je (kusoma barua kwenye brauza), muko nayo? Ile inaingia Dovecot toka ndani ya seva yenyewe, fayawoli ya 993 haiioni, kwa hiyo poti yake 443 ikibaki wazi wale wezi watahamia pale.

himbi_2: Iko, tena iko wazi. Naanza na hiyo. Aksanti sana.