Naomba ushauri: mama ana sukari na presha, sasa moyo nao unaruka mapigo

Wakuu, habari zenu. Mama ana miaka 61, sukari na presha za muda mrefu, na kitambi. Juzi kalalamika moyo unamwenda mbio. Nikamshika mkono: mapigo mawili ya harakaharaka, kimya, kisha moja zito. ECG (kipimo cha umeme wa moyo) imeonyesha vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka tu, damu inaweza kuganda humo ikamletea kiharusi. Kaanzishiwa warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, na INR (kipimo cha damu inachukua muda gani kuganda) ikae kati ya 2 na 3.

Shida ni mchicha na matembele, maana mboga hizi zinapunguza nguvu ya warfarin. Kuacha hataki hata kusikia. Daktari kasema ale, ila kiasi kisibadilikebadilike. Wenye wazazi wanaotumia dawa hii, mboga mnawapimiaje? Na apixaban, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda isiyohitaji kupima INR, mnanunua bei gani kwa mwezi?