Ubia wa shule za nchi mbili: tulipe nauli za wachache au mradi wa darasa zima?

Mleta mada: Wadau, shule ikipata mshirika ng'ambo, fedha kidogo zilizopo ziende wapi? Mimi nasema zisiende kwenye safari. Safari inabeba wanafunzi kumi, na kwa kawaida ni wale ambao wazazi wao wana cha kuchangia. Wengine wanaishia kutazama picha. iEARN, mtandao wa kimataifa wa shule, inaunganisha madarasa bila tiketi ya ndege tangu 1988. eTwinning, jukwaa la mtandaoni la Umoja wa Ulaya la kuunganisha shule, ilifuata 2005.

Mchangiaji wa kwanza: Napinga. Watoto hamsini, skrini moja, maikrofoni moja: wawili wanaongea, waliobaki wanapunga mikono, kisha sauti inakatika. Hapo umejenga stadi gani?

Mleta mada: Hapo umeanza na video, ndugu yangu, na video huwekwa mwisho. Gawa makundi ya watu wanne, wawili kila upande. Wiki ya kwanza wajitambulishe kwa maandishi na sauti fupi. Wiki nne zinazofuata wapime kitu kimoja, tuseme lita za maji nyumbani kwa siku, kwenye jedwali moja. Upande huu utahesabu ndoo, ule utasoma mita, na namba hazitalingana. Je, maji ya bustani yamo? Ya kufulia? Wakivutana hapo ndipo wanapojifunza, kwa hiyo mwalimu asiwahi kuwaamulia. Video ije wiki ya sita, dakika 20 kwa kila kundi.

Mchangiaji wa pili: Wiki sita utazipata wapi? Nchi nyingi za kusini mwa ikweta hufungua mwaka wa shule kati ya Januari na Machi, Ulaya ni Agosti au Septemba. Laza kalenda mbili pamoja, futa likizo na mitihani, ndipo uahidi. Halafu Ulaya hubadili saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Andikeni saa kwa UTC, ile saa ya marejeo ya dunia isiyobadilika. Mwezi nao uandikwe kwa jina, maana 3/4 kwa Mmarekani ni tarehe 4 Machi.

Mchangiaji wa kwanza: Sawa, kwa mpangilio huo nalegeza. Ila upande wenye hela ukileta kompyuta, ubia unageuka msaada: huku barua za shukrani, kule huruma.

Mleta mada: Ndiyo maana napendekeza mwaka wa kwanza usiwe na zawadi kabisa, na kila upande utunge nusu ya maswali.

Mchangiaji wa pili: Na walimu wawe wawili kila shule. Akiwa mmoja, siku akihamishwa anaondoka na nywila.