Betri ya pikipiki kwenye transfoma: taa haiwaki, lakini imenirusha

Spana_Kumi: Wakuu habari za jioni. Nimetoa transfoma kwenye redio mbovu, ile ya kushusha volti 230 kuwa 12. Nikawaza, nikiigeuza, betri ya pikipiki si itanipa 230? Nimeunga, taa ya wati 60 haikuonyesha hata wekundu. Transfoma ikachemka mpaka vanishi ikaanza kunuka. Nilipochomoa waya wa betri, huku mkono mwingine umeshika zile ncha mbili za upande wa pili, ikanirusha vibaya. Umeme umetoka wapi wakati betri nimeshaitoa?

Kibatari: Shukuru haikuwa betri ya lori 😂

Msuka_Mota: Pole mdogo wangu. Nasuka mota mwaka wa 19 huu, na kila kijana niliyemfundisha kazi ameliuliza hili. Koili, yaani ule waya uliozungushwa kwenye chuma cha transfoma, haizai umeme kwa kuwa sumaku ipo. Inazaa pale sumaku inapobadilika. Umeme wa ukutani unageuka mwelekeo, mizunguko 50 kila sekunde, kwa hiyo sumaku ndani ya chuma hailali. Wa betri ukishaingia umetulia tuli, upande wa pili haupati kitu. Halafu upande wa volti 12 waya wake ni mnene, ukinzani wake mdogo mno, ndiyo maana ikachemka. Ulitengeneza hita.

Ulipochomoa, sumaku yote ikaporomoka mara moja. Ikibadilika ghafla hivyo, volti inapanda sana, na upande ulioshika una mizunguko ya waya kama mara 19 zaidi. Magari ya zamani yalipata cheche ya plagi hivyo hivyo: platini, ile swichi ndogo inayokata umeme wa koili, ikiachia tu, koili inapiga.

Michael Faraday aliliona London tarehe 29 Agosti 1831, kwa pete ya chuma yenye koili mbili. Sindano ya sumaku ilishtuka alipounga betri kwenye koili moja, ikalala, ikashtuka kinyume alipokata. Jaribu kwa betri moja ya tochi na mita ya mshale. Ya dijitali haiwahi. Na ncha usishike!

Spana_Kumi: Nimejaribu. Nikigusa, mshale unaruka na kurudi sifuri ingawa betri bado imeungwa. Nikiachia, unagonga ukingo wa kushoto. Nimerudia mpaka mke wangu kaja kuuliza nachezea nini. Kumbe inveta, ile ya kugeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani, nayo ni kuunga na kukata tu?

Msuka_Mota: Zile za transfoma ya chuma, ndiyo. Inaunga, inakata, inaunga kinyume, mara 50 kila sekunde. Kwa mkono hutaweza, hata unywe kahawa birika zima.