Tupeane uzoefu: vile vijiti viwili vya hesabu vilikunasa wapi?

Mama Kayole: Wadau, jana usiku stima imepotea, mdogo wangu wa mwaka wa kwanza chuoni ananiletea daftari na tochi ya simu: |x − 3| = 5. Kuona tu vile vijiti viwili, tumbo likanikata kama enzi za shule. Nikamwambia kwa ujasiri, x ni 8, nenda ulale. Asubuhi ananiuliza, "Na −2 je?" Nani mwingine aliteswa na hii thamani kamili, yaani umbali wa namba kutoka sifuri?

Msee wa Donholm: Mimi. Na bado.

Chaki Nyeupe: Umenikumbusha mbali. Mwalimu wetu alikuwa anaingia darasani na kipande cha paipu. Siku hiyo akaandika ubaoni |x| = −4 na kuniita mimi. Nikaandika x = 4. Kimya. "Angalia tena." Nikafuta, nikaandika −4. Akauliza, kutoka hapa hadi mlangoni ni hatua ngapi? Tano. Na kurudi? Tano. "Wewe ushawahi kutembea hatua hasi nne?" Darasa likaangua kicheko. Nilisimama pale kipindi kizima, chaki inaloa jasho mkononi, natafuta jibu ambalo halipo. Hakuna namba ambayo umbali wake kutoka sifuri ni hasi. Mpaka namaliza shule niliitwa Hasi Nne.

Msee wa Donholm: Hasi Nne 😂 pole.

Lami: Mnajisumbua bure. Ukiona vijiti, futa alama ya kutoa. Kwisha.

Chaki Nyeupe: Hiyo ndiyo ilinizamisha! Kwa |x| utafuta alama gani? Kama x ni −6, thamani yake kamili ni −x, yaani −(−6), ambayo ni 6.

Lami: −x iwe chanya? Toka hapa.

Chaki Nyeupe: x yenyewe ikiwa hasi, ndiyo. Rudi shule.

Lami: Ile iliyokupa jina?

Fundi Geti: Wacheni vita. Mimi haya yalinipata Kariobangi, tunachomelea madirisha manne ya mteja wa Ruai. Nikapima: la kwanza limezidi sentimita 2, la pili limepungua 2, la tatu limezidi 3, la nne limepungua 3. Mkubwa akajumlisha kwa kalamu kwenye kiganja: 2 − 2 + 3 − 3, sifuri. "Kijana, hatujakosea popote, pakia." Kufika Ruai, mawili hayaingii, mawili yanacheza. Mama mwenye nyumba akapitisha vidole kwenye pengo, akatuuliza, "Sifuri yenyewe ndiyo hii?" Kumbe makosa hujumlishwa bila alama: 2 + 2 + 3 + 3, sentimita 10. Nililala saiti siku mbili nikikata na kuchomelea upya.

Mama Kayole: Woi! Ulilipwa?

Fundi Geti: Nilikatwa. Na mkubwa bado hupigia hesabu kiganjani.

Tisa Mwendo: Si hiyo ndiyo hitilafu kamili ya kidato cha tatu, ukubwa wa kosa bila alama! Nilifanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, 2009, naielewa leo.

Msee wa Donholm: Sisi tunataka picha ya madirisha.

Soja wa Jengo: Ninapolinda mjini lifti ina kitufe cha 2 na cha −2. Ikiharibika, kutoka sifuri unakanyaga orofa mbili, uende juu au chini. Miguu haijui hasi.

Lami: Na deni la 500 kwa simu? Linauma kuliko kuwa na 500.

Soja wa Jengo: Uchungu weka nje ya vijiti.

Tisa Mwendo: Kama mnatafuta wa kulaumu, vijiti vililetwa na Mjerumani, Karl Weierstrass, mwaka 1841.

Chaki Nyeupe: Mama Kayole, |x − 3| ni umbali wa x kutoka 3, kwa hiyo simama kwenye 3. Hatua tano kulia ni 8, tano kushoto ni −2.

Mama Kayole: Nimechora mstari nyuma ya pakiti ya unga, nikahesabu na kidole. Kumbe mtoto alikuwa sawa. Sasa ameleta |2x + 1| < 7. Nani yuko macho?

Chaki Nyeupe: x iko kati ya −4 na 3. Mwache ajaribu kwanza.

Lami: Hiyo haina hata alama ya kutoa. Usiku mwema.