Intaneti ofisini Posta inapaa, nyumbani Goba inatambaa: nianzie wapi?

Mama Nasra: Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada, naumia. Ofisini nikipima kasi napata megabiti 94 kwa sekunde kushusha, 90 kupandisha. Nyumbani nalipia kifurushi cha megabiti 20, lakini jana saa 3 usiku nilipata 6 kushusha na 1.2 kupandisha. Faili la michoro la megabaiti 600 (baiti moja ni biti nane), ambalo ofisini linapanda kwa dakika moja, lilipanda saa nzima, kisha umeme ukakatika likiwa asilimia 80. Mteja alikuwa anasubiri.

Fundi Kariakoo: Pole sana dada. Hiyo 94 ni ya waya, ndiyo kikomo halisi cha mtandao wa waya unaoitwa wa megabiti 100. Nyumbani unapimia wapi?

Mama Nasra: Kwa Wi-Fi, chumba cha mwisho. Ruta iko sebuleni nyuma ya TV, katikati kuna kuta mbili za tofali.

Mkazi wa Tegeta: Itoe hapo nyuma ya TV leo leo. Halafu chomeka waya moja kwa moja kwenye ruta, pima alfajiri na saa 3 usiku. Usiku watu wote wako mtandaoni.

Mama Nasra: Nimepima kwa waya saa 11 alfajiri: 19.6 kushusha, kupandisha 1.9 tu.

Fundi Kariakoo: Basi kushusha, shida ni kuta, msongamano wa usiku, au vyote viwili. Kupandisha ni kifurushi chenyewe, kampuni nyingi za intaneti hutangaza kasi ya kushusha peke yake. Waulize kampuni yako kama wana kifurushi chenye kasi sawa pande zote. Na ruta iwekee betri.