Kijiji tumeibua zahanati, halmashauri imetuletea vibanda vya mnada. MNADA UPI?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Mwaka juzi mwezi wa kumi tuliitwa mkutano mkuu wa kijiji kuibua miradi. Ule utaratibu wa Fursa na Vikwazo mnaujua: maofisa wanabandika makaratasi makubwa ukutani, mnagawanywa makundi, kina mama huku, vijana kule, wazee chini ya mwembe, kisha mnapanga vipaumbele. Namba moja ilikuwa zahanati, wala hakuna aliyebisha. Mjamzito wa huku akishikwa na uchungu usiku anapakiwa bodaboda, kilomita 14 za makorongo.

Na hatukukaa kusubiri. Kila kaya ilitoa 15,000, asiyenacho akasomba mawe na mchanga, boma likapanda mpaka kwenye lenta. Si ndivyo tunavyoimbiwa kila siku, nyie fikisheni kwenye lenta, serikali itamalizia? Sasa mbuzi wanalala humo. Kwenye chumba cha kujifungulia umeota mpapai, na mwaka huu umezaa.

Juzi kati likaingia lori la nondo. Watu wakapiga vigelegele. Kumbe ni vibanda vya mnada! Kijiji chetu hakina mnada. Mnada uko kata ya jirani kila Alhamisi, ng'ombe wa huku wanaswagwa kwenda kule tangu mimi sijaoa.

Nikamfuata mtendaji, nani kaomba vibanda? Akatoa muhtasari una muhuri, "wananchi kwa kauli moja". Nikaomba orodha ya mahudhurio. Majina 112, kalamu moja, mwandiko mmoja. Namba 43 ni mama yangu mzazi, saini imezungushwa mkia kama ya meneja wa benki. Mama hajui kuandika! Maisha yake yote anaweka dole gumba. Nilipomsimulia akaniuliza alijifunza lini.

Diwani naye ananiambia habari za ukomo wa bajeti. Eti vipaumbele vya vijiji vinachujwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, wataalamu wa halmashauri wanachuja tena, ndipo Baraza la Madiwani linapitisha. Sawa, hela haitoshi, kuchuja naelewa. Lakini ukichekecha unga unatoka unga. Sisi tumepeleka unga tukarudishiwa kokoto. Halafu mafundi wametoka mjini, waliojenga boma letu wanacheza bao.

Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji kila miezi mitatu na mapato na matumizi yasomwe. Wa mwisho kwetu ni huo huo wa kuibua. Michango ya boma hatujasomewa hata shilingi. Katiba ibara ya 146 inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Kwetu yameishia kwenye droo ya mtendaji.

Tukihoji tunatishwa: mkikataa mradi, Juni 30 fedha zinarudi hazina, mtakosa vyote.

Wenye uzoefu, nielekezeni. Mwanakijiji anaruhusiwa kudai nakala ya muhtasari? Mtendaji kaufungia kabatini, anasema ni nyaraka ya ofisi, ila ukurasa wa mahudhurio niliupiga picha kabla hajashtuka. Nianze na mkuu wa wilaya au niende TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa, moja kwa moja? Jibuni mapema, vibanda vinaanza kupauliwa Jumatatu.